Kugeuza tarakimu za namba kwa C: 1234 inatoka vizuri, 1200, -45 na 1000000009 zinaleta shida

mwana_kadutu (Bukavu)

Jambo wakubwa. Tuko kwenye TP (mazoezi ya vitendo) za mwaka wa kwanza, lugha ni C. Zoezi limeandikwa kwa Kifaransa, na maana yake ni hii: programu isome namba kamili, kisha ionyeshe namba hiyo ikiwa imegeuzwa. Stringi (maandishi) haziruhusiwi, tablo (orodha za thamani) haziruhusiwi. Ni kitanzi na hesabu tu.

Programu yenyewe:

```
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int n, g = 0;
    printf("Ingiza namba: ");
    scanf("%d", &n);
    while (n > 0) {
        g = g * 10 + n % 10;
        n = n / 10;
    }
    printf("%d\n", g);
    return 0;
}
```

1234 inatoa 4321, na 7 inatoa 7. Sasa muone hizi:

```
1200         inatoa  21
-45          inatoa  0
1000000009   inatoa  410065409
```

Je, 21 ni jibu sahihi, au ilipaswa kuwa 0021? Kwa nini -45 inageuka sifuri? Na hii 410065409 imetoka wapi, wakati ndani ya namba niliyoingiza hakuna 4, 6 wala 5?

Tena ningeomba mtu aueleze polepole ule mstari wa `g = g * 10 + n % 10`. Wengi kwenye promosyo yetu wameukariri tu, na kwenye mtihani asistenti anadai tuufuate kwa kalamu, mzunguko kwa mzunguko.

---

fundi_himbi (Goma)

Jambo ndugu. Naanza na huo mstari, maana ukishauelewa, nusu ya maswali mengine inajijibu.

`n % 10` ni baki ya kugawanya n kwa 10, yaani tarakimu ya mamoja. `n / 10`, kwa kuwa pande zote mbili ni int (namba kamili), inaacha baki na kukupa sehemu nzima tu, yaani ile ile namba ikiwa imekatwa tarakimu ya mwisho. Hizo mbili zinamenya namba kutoka kulia.

Upande wa g kazi ni ya kinyume. `g * 10` inasogeza kila tarakimu nafasi moja kushoto: mamoja yanakuwa makumi, makumi yanakuwa mamia, na nafasi ya mamoja inabaki na 0. Ukiongeza tarakimu mpya, inakaa palepale kwenye hiyo 0. Ni kama kushusha magunia ya makala (makaa) kwenye boti: lililopakiwa mwisho linashuka kwanza, na likishuka linakuwa la chini kabisa kwenye rundo jipya la bandarini.

Kwa mtihani wa karatasi chora jedwali hili, usiruke safu hata moja:

```
mzunguko   n mwanzoni   n % 10   g baada   n baada
1          1234         4        4         123
2          123          3        43        12
3          12           2        432       1
4          1            1        4321      0
```

Kuna njia ya kujihakiki kwenye kila mstari bila kungoja mwisho. Chukua g baada, igeuze kwa macho, iunge nyuma ya n baada: lazima upate namba ya mwanzo. Mstari wa 2: g ni 43, ikigeuzwa ni 34, n ni 12, ukiunga unapata 1234. Mstari wa 3: 432 inakuwa 234, n ni 1, ni 1234 tena. Pale inapoacha kutimia ndipo kosa lilipo. Hii ndiyo ningemfundisha mwanafunzi kabla ya kumwonyesha kompyuta, kwa sababu inaeleza kwa nini kitanzi ni sahihi, siyo tu kwamba kilitoa jibu zuri mara moja.

Jibu baya nalo linakuambia kosa liko wapi. Kwa 1234:

Ukiona 3210, umekata kabla ya kuchukua. `n = n / 10` iko juu ya mstari wa g, kwa hiyo 4 imetupwa kabla haijasomwa, na mwishoni umeongeza baki ya 0.

Ukiona 10, umesahau `g * 10`, umejumlisha tu: 4 + 3 + 2 + 1.

Ukiona 100, umeandika `g + n % 10 * 10`. Kuzidisha kumeangukia kwenye tarakimu badala ya g, na umepata jumla ile ile mara kumi.

Programu ikikaa kimya bila kutoa kitu, mara nyingi umeandika `n / 10;` peke yake. Hapo C inagawanya na kulitupa jibu, n haibadiliki, kitanzi hakiishi.

Ukiona kitu kama 327674321, tazama mkia wake: 4321 ipo pale mwishoni. Umesahau `= 0` kwenye g. Kigeu ambacho hakikupewa thamani kinaanza na takataka iliyokuwa kwenye kumbukumbu, hapa 32767, na tarakimu zako zimeungwa nyuma yake. Kosa hili ni baya kuliko mengine, maana kwenye mashini yako takataka inaweza kuwa 0 na kila kitu kikaonekana safi, halafu kwa asistenti likatoka jibu jingine.

Daima kompaili hivi:

```
gcc -Wall -Wextra -O1 geuza.c -o geuza
```

Onyo la `n / 10;` isiyo na kazi utalipata papo hapo. Ile `-O1` inamfanya kompaila achambue zaidi mwendo wa programu, na maonyo ya vigeu visivyopewa thamani yanatoka kwa urahisi zaidi.

Sasa -45. Sharti lako ni `n > 0`. -45 si kubwa kuliko 0, kwa hiyo kitanzi hakianzi hata mara moja, na g inaonyeshwa kama ilivyozaliwa. Badilisha liwe `n != 0`, basi, usiongeze kitu kingine. Tangu kiwango cha C cha 1999, kugawanya namba kamili kunakata kuelekea sifuri, na baki inafuata ishara ya namba inayogawanywa. Kwa hiyo `-45 % 10` ni -5, `-45 / 10` ni -4, na hesabu inakwenda: g ni -5, halafu -50 + -4, yaani -54. Ishara imejitunza yenyewe.

Wengine watakuambia uandike kwanza `if (n < 0) n = -n;`. Inafaa kwa namba zote isipokuwa moja: -2147483648. Int ya biti 32 inaishia 2147483647 upande wa juu, kwa hiyo hiyo haina mwenzake chanya. Kwa nini uweke mtego pale ambapo `!=` inatosha?

---

fundi_himbi (Goma)

Naendelea na 1200, maana hapa ndipo watu wanapogombana na asistenti bure.

Ndani ya int hakuna sifuri za mbele. 21 na 0021 ni thamani moja, zinakaa kwenye kumbukumbu kwa biti zilezile. Nyiragongo ina mita 3470, ukigeuza unapata 743. Mwaka 1960 unakuwa 691. Noti ya franka 20 000 inabaki 2. Programu yako haijapoteza kitu: imejibu swali la namba, na kwa swali la namba 21 ndilo jibu.

Lakini kama swali lilitaka *tarakimu zionyeshwe* kinyume, basi kinachotakiwa ni maandishi kwenye skrini, na hapo 0021 ndiyo sahihi. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, soma kitenzi cha zoezi. "Ihesabu namba iliyogeuzwa" na "ionyeshe tarakimu kuanzia mwisho" ni kazi mbili. Kama maneno hayaeleweki, muulize asistenti swali moja tu: 1200 itoe nini?

Kwa kazi ya pili hata g haihitajiki:

```
do {
    printf("%d", n % 10);
    n = n / 10;
} while (n != 0);
printf("\n");
```

Nimeweka `do ... while` kwa makusudi. Kwa `while` ya kawaida, mtumiaji akiingiza 0 haonyeshwi kitu, mstari mtupu tu, kwa sababu sharti linakataa kabla ya kuanza. Kwenye programu yako ya g tatizo hilo halipo, g tayari ni 0. Na angalia namba hasi hapa: -45 itatoka `-5-4`, kila tarakimu ikibeba ishara yake. Onyesha alama ya kutoa mara moja kabla ya kitanzi, halafu ndani ya kitanzi andika tarakimu hivi:

```
int d = n % 10;
if (d < 0) d = -d;
printf("%d", d);
```

Hapa `-d` haina hatari, kwa kuwa d haizidi 9.

Kama unataka vyote viwili, g ya kuhesabia na sifuri za kuonyesha, hesabu tarakimu ndani ya kitanzi hichohicho kwa kigeu `idadi`, kisha:

```
printf("%0*d\n", idadi, g);
```

Nyota inachukua upana kutoka kwa `idadi`, na 0 iliyo mbele yake inajaza nafasi tupu kwa sifuri. Kwa 1200 idadi ni 4, utaona 0021. Kwa namba hasi ongeza 1 kwenye idadi, maana ishara nayo inahesabiwa ndani ya upana.

Jambo moja linalofuata hapo: usiijaribu programu yako kwa kugeuza mara mbili na kutegemea kurudi mwanzo. 1200 inakuwa 21, na 21 inakuwa 12. Jaribio hilo ni halali kwa namba zisizoishia na 0 tu.

---

ruashi_64 (Lubumbashi)

Niachieni hiyo 410065409, inafaa kutazamwa kwa karibu.

1000000009 inaenea ndani ya int, kwa hiyo inasomwa vizuri. Ikigeuzwa ni 9000000001, na hiyo inapita 2147483647. Mzunguko wa tisa unaisha g ikiwa 900000000, bado ni nzima. Wa kumi unataka 900000000 * 10 + 1, na hapo panafurika. Kwenye mashini yako zimebaki biti 32 za chini tu, ambayo ni sawa na kuondoa 4294967296 hadi namba ienee:

```
9000000001 - 4294967296 - 4294967296 = 410065409
```

Ndiyo hiyo uliyoiona. Ona pia kwamba ni chanya. Watu wanasema "ikifurika utaona namba hasi", wanaweka `if (g < 0)` baada ya kitanzi na kulala usingizi. Hapa jaribio hilo lisingeshika kitu.

Tena, kufurika kwa int yenye ishara ni jambo ambalo kiwango cha C hakikulipa maana yoyote. Kompaila anayo ruhusa ya kudhani kwamba halitokei, na ukiwasha `-O2` anaweza kufuta hata hilo `if` lako kwa kuwa kwake haliwezekani. Kwa hiyo unakagua *kabla* ya kuzidisha, siyo baada:

```
#include <limits.h>

while (n != 0) {
    int d = n % 10;
    if (g > INT_MAX / 10 || g < INT_MIN / 10) {
        printf("Jibu haliwezi kuenea ndani ya int\n");
        return 1;
    }
    g = g * 10 + d;
    n = n / 10;
}
```

`INT_MAX / 10` ni 214748364. Ikiwa g imeshapita hapo, kuzidisha kwa 10 kutafurika bila shaka. Mtu makini atauliza: na g ikiwa 214748364 barabara, je, d haiwezi kuwa 8 au 9 na kuvunja? Kwa kawaida ingebidi kukagua, na utakuta programu nyingi zina sharti hilo la ziada. Ila hapa haliwezekani. G ikiwa na tarakimu tisa na moja ikiwa bado, hiyo moja ni tarakimu ya kwanza ya n ya mwanzo, na int ya tarakimu kumi inaanza na 1 au 2, hakuna nyingine. Jaribu mwenyewe 1463847412: itatoa 2147483641, salama. Badilisha 4 ya pili kutoka kushoto iwe 5, yaani 1563847412, na programu inakataa kama inavyotakiwa, kwa sababu jibu lingekuwa 2147483651.

Njia fupi zaidi, kama asistenti hajaikataza, ni kufanya g iwe `long long`. Ina angalau biti 64, inafika 9223372036854775807, na int yoyote ikigeuzwa inaenea humo. Usitumie `long` peke yake: kwenye Windows bado ni biti 32, kwenye Linux ya biti 64 ni 64, na programu itakuwa na majibu mawili kulingana na mashini iliyoko mbele yako. Na ukiwa na `long long` onyesha kwa `%lld`.

Kuna njia nyingine inazunguka kwenye karatasi za wanafunzi: kuhesabu kwanza tarakimu, kisha kujumlisha kila moja ikizidishwa kwa `pow(10, k)`. Iacheni. `pow` inarudisha double (namba ya desimali), na kwenye kompaila nyingine `pow(10, 2)` inatoka chini ya 100 kwa kiasi kidogo sana. Ukiiweka ndani ya int inakatwa, inakuwa 99. Hapo jibu lako linakosea kwa moja au mbili, na utalitafuta kosa usiku mzima kwenye kitanzi ambacho hakina kosa.

Mwisho kwa upande wangu, kusoma. Ukiingiza 9999999999, shida inaanzia kwenye `scanf`, kabla kitanzi hakijafikiwa, maana namba hiyo haienei ndani ya n. Namba za simu zenye 243 mbele zina tarakimu 12, hizo usizijaribu kwa int kabisa. Na usiandike `%i` badala ya `%d`: `%i` inaona 0 ya mbele kama alama ya hesabu ya msingi wa nane, kwa hiyo 012 inasomwa kuwa 10. `%d` inaisoma 12.

---

mwana_kadutu (Bukavu)

Aksanti sana wakubwa. Ile njia ya kuunga n na geuzo la g kwenye kila mstari imeniingia vizuri sana, nimeijaribu kwa 1200 na 50607, inatimia, ila lazima uandike g na sifuri zake za mbele kwenye karatasi.

Bado mambo mawili. Zoezi linalofuata linataka programu iseme kama namba inasomeka sawa pande zote mbili, kama 1221. Nimeongeza `if (g == n)` baada ya kitanzi, inakataa kila namba isipokuwa 0. Na mwenzangu anafanyia Python kwenye simu, hatua zilezile: 123 inampa `inf`, na alipoweka `//` mahali pa `/` na sharti likawa `n != 0`, -123 haimalizi kamwe.

---

fundi_himbi (Goma)

Hiyo ya sifuri unayoandika kwenye karatasi ni sawa kabisa. Karatasi inatunza maandishi, int inatunza thamani.

Kuhusu 1221: kitanzi kimekula n. Kikiisha, n ni 0 daima, kwa hiyo unalinganisha g na 0. Weka nakala kabla ya kuanza:

```
int asili = n;
/* kitanzi */
if (g == asili)
    printf("Ndiyo\n");
else
    printf("Hapana\n");
```

Sifuri za mwisho hazisumbui hapa. Namba inayoishia na 0, ukiondoa 0 yenyewe, haiwezi kusomeka sawa pande zote, na programu itakataa: 10 inakuwa 1. Kufurika nako kunajibika kirahisi: kama geuzo halienei ndani ya int, basi haliwezi kuwa sawa na asili, ambayo inaenea. Kwa hiyo kwenye zoezi hili, badala ya ujumbe wa kosa, weka "Hapana" na utakuwa sahihi. Namba hasi ndiyo ya kukubaliana na asistenti. Kwa hesabu -121 inageuka -121 na programu itasema ndiyo. Kwa anayesoma maandishi pamoja na ishara, siyo.

---

dada_ndosho (Goma)

Kwa mwenzako wa Python. `inf` imetoka kwenye alama moja. Python 3 ina migawanyo miwili: `/` inatoa desimali hata kama pande zote ni namba kamili, `//` ndiyo ya sehemu nzima. Aliandika `n / 10`, kwa hiyo 123 ikawa 12.3, halafu 1.23, halafu 0.123, na kila moja bado ni kubwa kuliko 0. Kitanzi kinazunguka zaidi ya mara 300 hadi desimali inakuwa ndogo mno na kugeuka 0.0. Wakati huohuo g inazidishwa kwa 10 kila mzunguko na kupita kikomo cha desimali, karibu 1.8 mara 10 kipeo 308. Ndipo `inf`.

Ya -123 ni tofauti ya kweli kati ya lugha hizi mbili, na anayejifunza zote kwa wakati mmoja ajue mapema. C inakata kuelekea sifuri, Python inashuka chini:

```
             C        Python
-123 / 10    -12      -13   (kwa //)
-123 % 10    -3       7
```

Kila lugha iko sawa ndani yake, kwa sababu -13 mara 10, jumlisha 7, ni -123 vilevile. Lakini kwa kitanzi chetu ni balaa: -123 inakuwa -13, -13 inakuwa -2, -2 inakuwa -1, na `-1 // 10` ni -1. Hapo haitoki tena. Kwa Python tenga ishara kwanza:

```
def geuza(n):
    ishara = -1 if n < 0 else 1
    n = abs(n)
    g = 0
    while n > 0:
        n, d = divmod(n, 10)
        g = g * 10 + d
    return ishara * g
```

`divmod` inarudisha sehemu nzima na baki kwa mara moja, kwa mpangilio huo. Na `abs` hapa haina ule mtego wa C, maana namba kamili za Python zinakua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Kwa sababu hiyohiyo 1000000009 itatoka 9000000001 bila tatizo, na mwenzako hatajua kama kufurika kupo duniani. Akirudi kwenye C atalikuta.

Atakutana pia na `int(str(n)[::-1])`. Ni fupi na inafanya kazi kwa namba chanya, ila -45 inakuwa maandishi "54-" na `int` inayakataa kwa kosa la ValueError. Kwenye TP yenu stringi hazikubaliwi, basi aitumie tu kuhakiki: kwa kila n kuanzia 0 hadi 99999 alinganishe na `geuza(n)`. Kompyuta inamaliza kabla hajanyanyua kikombe.

Na kama na wewe unataka kufanya C kwenye simu umeme ukikatika, Termux (programu ya Android ya kuandikia amri) inatosha: `pkg install clang`, kisha `clang -Wall geuza.c -o geuza`, kisha `./geuza`. Faili liweke kwenye folda ya nyumbani ya Termux. Ukiliweka kwenye hifadhi ya pamoja ya simu litakompailiwa, lakini mfumo utakataza kuliendesha, utaona "Permission denied" na kudhani kosa liko kwenye programu.

---

mwana_kadutu (Bukavu)

Aksanti dada, nimempa yote. Asistenti amejibu: 1200 itoe 21, na `long long` inaruhusiwa. Hii ndiyo ninayotaka kupeleka:

```
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int n;
    long long g = 0;
    printf("Ingiza namba: ");
    scanf("%d", &n);
    while (n != 0) {
        g = g * 10 + n % 10;
        n = n / 10;
    }
    printf("%d\n", g);
    return 0;
}
```

---

ruashi_64 (Lubumbashi)

Kitanzi ni safi, usikiguse. Mstari wa `printf` ndio bado: g ni `long long`, weka `%lld`. Kwa `%d` hiyo 1000000009 inaweza kukurudishia 410065409 ileile, na ungeapa kwamba `long long` haikusaidia kitu. `-Wall` ingekuambia.

Halafu `scanf`. Mtu akiandika herufi, haisomi kitu, n inabaki na takataka na programu inaigeuza takataka hiyo. Inarudisha hesabu ya vitu ilivyosoma, kwa hiyo:

```
if (scanf("%d", &n) != 1) {
    printf("Hiyo si namba kamili\n");
    return 1;
}
```

Kisha pitisha hizi, na majibu yalingane:

```
0             0
7             7
10            1
1200          21
-45           -54
1000000009    9000000001
-2147483648   -8463847412
abc           Hiyo si namba kamili
```

Jua tu kwamba 12abc itapita na kutoa 21, maana `%d` inasoma 12 na kusimama kwenye herufi. Kwa TP ya mwaka wa kwanza hakuna atakayekudai zaidi ya hapo.